Kuingia Tumboni kwa Usalama: Sindano ya Veress, Mkato wa Wazi na Trokari Zikilinganishwa

Katika upasuaji wa matundu madogo, kifaa kinachofungua njia ya kuingia mwilini hutumika kwa dakika chache tu, kisha kila aliyemo chumbani hukisahau na macho yote huhamia kwenye skrini. Hata hivyo, karibu nusu ya majeraha makubwa ya upasuaji wa aina hii hutokea katika dakika hizo za mwanzo, kabla kazi iliyompeleka mgonjwa mezani haijaanza. Kwa sababu hiyo uchaguzi wa kifaa unastahili kufikiriwa kwa utulivu, mbali na meza ya upasuaji, na watu watatu ambao kwa kawaida hawaketi pamoja: daktari atakayekishika, muuguzi atakayekiosha na ofisa atakayekinunua.

Ulinganisho huu hauanzi na swali la kifaa kipi ni salama kuliko vyote, kwa kuwa, kama itakavyoonekana, swali hilo halijapata jibu hata baada ya majaribio mengi. Unaanza na swali linaloweza kujibiwa: kifaa hiki kikikosea, hukosea kwa namna gani, na je, kosa lenyewe huonekana papo hapo au hujificha?

Sehemu za trokari na asili yake

Trokari ina sehemu mbili. Ya ndani ni ufito wenye ncha, ambao kazi yake ni kutoboa ukuta wa tumbo na kuondolewa mara moja. Ya nje ni kanula, yaani mrija unaobaki ukutani hadi mwisho wa upasuaji, ambao kamera, mikasi na koleo hupitishwa ndani yake. Juu ya kanula kuna vali na mpira wa kuzibia, ili gesi iliyojazwa tumboni isitoroke kila kifaa kinapotolewa. Upana uliozoeleka ni milimita 5, 10 na 12. Katika mazungumzo ya chumba cha upasuaji sehemu zote mbili huitwa trokari, na hapa chini mazoea hayo yatafuatwa pale ambapo hayaleti utata.

Gesi inayotumika ni kaboni dioksidi, kwa sababu haishiki moto na huyeyuka kwa urahisi katika damu, ambayo huipeleka kwenye mapafu itolewe nje. Gesi huinua ukuta wa tumbo na kuuweka mbali na utumbo. Tatizo la msingi linaanzia hapa: ili ncha iingie salama, inafaa gesi iwe imetangulia, lakini gesi nayo inahitaji njia ya kuingilia. Njia zote zinazolinganishwa hapa ni majibu tofauti ya fumbo hilo moja.

Daktari Hans Christian Jacobaeus wa Stockholm, aliyechapisha mwaka 1910 taarifa ya kuchungulia tumbo na kifua cha binadamu kwa kutumia trokari na kifaa cha kuchungulia kibofu cha wakati ule, alilijibu kwa ujasiri zaidi kuliko kwa vifaa. Jibu la kwanza lililokuwa na ufundi wa kweli lilitoka kwa daktari wa Hungaria, János Veres (jina lake huandikwa pia Veress), ambaye katika miaka ya 1930 alitengeneza sindano ya kuingiza hewa kifuani kwa wagonjwa wa kifua kikuu. Hakuikusudia kwa kuchungulia tumbo. Ni wengine, akiwemo Raoul Palmer wa Paris, walioihamishia tumboni, na leo watu wengi wanaoitumia hawajui kwamba ilizaliwa kwa ajili ya mapafu.

Sindano ya Veress

Sindano hii ina upana wa takriban milimita 2. Sehemu yake ya nje imechongwa kama sindano yoyote, na ndani yake kuna ufito butu unaosukumwa na springi. Inapopita kwenye tabaka gumu, ufito butu hurudi nyuma na kuiacha ncha kali ikate. Inapofika mahali pasipo na upinzani, springi huusukuma ufito mbele ili uifunike ncha hiyo. Daktari husikia mbofyo, mara nyingi mara mbili: tabaka gumu la misuli, kisha utando unaozunguka tumbo kwa ndani.

Uzuri wake ni udogo wake. Tundu la milimita mbili kwenye utumbo, likigunduliwa mapema, mara nyingi si janga. Ubaya wake ni kwamba huingia gizani, na mbofyo wa springi hauwezi kutofautisha uwazi wa tumbo na uwazi wa ndani ya utumbo. Ndiyo maana kumekuwa na desturi ya kufanya majaribio ya uthibitisho: kuvuta kwa bomba la sindano ili kuona kama kutatoka damu au kinyesi, kuweka tone la maji juu ya sindano na kutazama kama litanyonywa, na kadhalika. Majaribio hayo hayadhuru, lakini uthibitisho wake ni dhaifu. Kipimo kinachoaminika zaidi ni shinikizo linalosomwa kwenye mashine ya gesi mara tu mpira unapounganishwa: likiwa chini ya milimita 10 za zebaki na gesi ikitiririka bila kizuizi, kuna sababu nzuri ya kuamini kwamba ncha iko mahali pake. Likipanda haraka huku gesi ikiwa haiingii, sindano imekwama kwenye tabaka la ukuta au imegusa kiungo, na inapaswa kutolewa.

Kuna tabia moja ambayo hairithiwi kutoka kitabuni bali kutoka kwa mkono wa aliyekufundisha, nayo ni kuichezesha sindano kulia na kushoto baada ya kuiingiza, ati kuhakikisha kwamba ncha iko huru. Tabia hiyo inafaa kuachwa. Kama ncha imetoboa utumbo au mshipa, kuichezesha kunaweza kulipanua tundu la milimita 1.6 hadi mpasuko wa sentimita nzima. Vilevile, baada ya majaribio matatu yaliyoshindwa, ni busara kubadili mahali au kubadili njia kabisa, kwa kuwa kila jaribio la ziada huongeza uwezekano wa kudhuru.

Mahali pa kuingizia ni sehemu ya uchaguzi kama ilivyo sindano yenyewe. Kitovuni ukuta wa tumbo ni mwembamba na tabaka zake zimeshikana, jambo linalorahisisha kazi, lakini mshipa mkuu wa damu hugawanyika karibu na usawa huo huo, na kwa mtu mwembamba umbali kati ya ngozi na mshipa ni sentimita chache tu. Kwa sababu hiyo sindano huelekezwa kwa mshazari wa takriban nyuzi 45 kuelekea kwenye nyonga kwa mtu mwembamba, na husimamishwa karibu wima kwa mtu mnene sana, ambaye kitovu chake hushuka na ukuta wake ni mnene. Mgonjwa aliyewahi kupasuliwa katikati ya tumbo anaweza kuwa na utumbo ulioganda nyuma ya kovu. Kwake, mahali panapopendekezwa zaidi ni pale panapoitwa nukta ya Palmer, sentimita 3 chini ya mbavu za kushoto, kwenye mstari unaoshuka kutoka katikati ya mtulinga. Kabla ya kuingia hapo, tumbo la chakula hupunguzwa hewa kwa mrija wa puani au mdomoni, na nukta hiyo huepukwa kabisa ikiwa bandama au ini limevimba, au ikiwa mgonjwa amepasuliwa bandama au tumbo la chakula zamani.

Mkato wa wazi

Mwaka 1971 Harrith Hasson, daktari wa magonjwa ya wanawake wa Chicago, alichapisha njia ambayo kwa mtazamo wa kwanza inaonekana kama kurudi nyuma: kuacha kutoboa, kukata ngozi kwa sentimita moja au mbili, kushika tabaka la chini kwa koleo, kulifungua kwa macho, kutia kidole au kifaa butu, kisha kuingiza kanula isiyo na ncha. Kwa kuwa tundu la namna hiyo ni pana kuliko kanula na gesi ingevuja, Hasson aliweka koni inayoteleza juu ya kanula na nyuzi mbili za kuivutia koni hiyo kwenye tundu. Kanula nyingi za leo zina puto dogo mahali pa koni, na kazi ni ile ile.

Faida kubwa ya njia hii ni kwamba karibu inaondoa uwezekano wa ncha kwenda moja kwa moja hadi kwenye mshipa mkuu. Haiondoi uwezekano wa kujeruhi utumbo, hasa ule ulioshikamana na ukuta wa tumbo, kwa kuwa mkasi nao hukata kinachokutana nao. Tofauti ni kwamba jeraha la utumbo lililofanywa kwa macho lina nafasi kubwa zaidi ya kuonekana hapo hapo na kushonwa, wakati lile lililofanywa gizani linaweza kujitokeza siku kadhaa baadaye, mgonjwa akiwa na homa na tumbo limejaa usaha. Kwa kigezo tulichoanza nacho, mkato wa wazi hukosea polepole na mbele ya macho.

Una udhia wake pia. Kwa mgonjwa mnene shimo huwa refu na jembamba kiasi kwamba daktari hatazami chochote ila mafuta, na hapo sifa ya kuingia kwa macho inabaki kuwa ya jina tu. Gesi huvuja mara kwa mara, shinikizo hushuka katikati ya kazi, na msaidizi hulazimika kushika kanula kwa vidole. Haya yanachosha, lakini hayaui.

Trokari bila sindano, na trokari yenye kioo

Njia ya tatu ni kuruka hatua ya sindano: ukuta wa tumbo huinuliwa kwa mikono, na trokari huingizwa moja kwa moja kabla ya gesi. Hoja ya wanaoipendelea ni kwamba hatua za gizani hupungua kutoka tatu, yaani sindano, gesi na trokari, hadi moja. Hoja hiyo ni sahihi, na kushindwa kuingia kwa njia hii hutokea mara chache kuliko kwa sindano. Lakini ncha ya trokari ni mara nne au tano ya sindano kwa upana, na ikitoboa kitu, tundu lake haliwezi kuachwa lizibe lenyewe. Njia hii inamfaa daktari aliyeizoea na anayeifanya mara kwa mara, kwa mgonjwa ambaye hajawahi kupasuliwa. Sioni sababu ya mtu kuianza kwa kuwa tu sindano zimekwisha stoo.

Njia ya nne ni trokari yenye ncha ya plastiki angavu, ambayo kamera inayotazama mbele moja kwa moja huwekwa ndani yake ili daktari aone kila tabaka linavyopitwa: mafuta ya njano, tabaka jeupe, misuli myekundu, tena tabaka jeupe, kisha utando. Ni kifaa kizuri kwa mgonjwa mnene, pale ambapo mkato wa wazi unasumbua. Tahadhari ni moja: kuona si sawa na kutambua. Utumbo ulioshikamana na ukuta unaweza kufanana na utando kwa mtu ambaye hajaona tabaka hizo mara nyingi, na majeraha ya mishipa mikuu na utumbo yameripotiwa hata kwa trokari hizi. Mtu ajifunze kusoma picha hiyo kwanza kwenye matundu ya pili na ya tatu, ambayo yanatazamwa kutoka ndani na kamera nyingine.

Majaribio yanasema nini

Mapitio ya mwaka 2019 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima matokeo ya tafiti za tiba, yalikusanya majaribio 57 ya njia za kuingia tumboni, yenye washiriki wasiofika 10,000. Yaligundua kwamba kushindwa kuingia hupungua kwa trokari ya moja kwa moja, ikilinganishwa na sindano ya Veress. Kuhusu majeraha ya mishipa mikuu na ya viungo, hayakupata ushahidi wa kutosha wa kupendekeza njia moja juu ya nyingine.

Ni rahisi kuelewa kwa nini. Matatizo makubwa ya upasuaji huu hukadiriwa kuwa takriban 1 kwa kila wagonjwa 1,000. Ili kubaini kwamba kifaa fulani kinapunguza tukio nadra kiasi hicho kwa nusu, jaribio lingehitaji makumi ya maelfu ya wagonjwa katika kila kundi. Kwa hiyo mtu anapoambiwa kwamba trokari fulani imethibitishwa kuzuia majeraha ya mishipa mikuu, ana haki ya kuuliza uthibitisho huo ulipatikana kwa wagonjwa wangapi, na jibu lolote la mamia linatosha kumaliza mazungumzo.

Ncha na ngao

Mengi ya yanayoandikwa kwenye makaratasi ya mauzo yanahusu umbo la ncha. Ncha ya piramidi ina kingo tatu zinazokata, na kwa hiyo huingia kwa nguvu ndogo. Ncha ya koni haikati bali hutenganisha nyuzi za misuli, na huhitaji kusukumwa zaidi. Trokari ya kutanuka huanza kama soksi nyembamba iliyopitishwa juu ya sindano ya Veress, kisha hutanuliwa kwa ufito butu mpaka ifikie upana unaotakiwa. Kwa upande wa kutokwa damu kwenye tundu, trokari za kutanuka zimeonekana kuwa bora kuliko zile zinazokata, na kwa kuwa nyuzi zilizotenganishwa hurudiana, tundu linalobaki ni dogo. Hii ni tofauti ya kweli, ingawa ni ya kitu kidogo kuliko kile ambacho mnunuzi hudhani ananunua.

Ngao ni habari nyingine. Baadhi ya trokari zina mfuniko wa plastiki unaorudi nyuma wakati wa kutoboa na kuruka mbele kuifunika ncha baada ya kupita ukutani. Wazo ni lile lile la Veres, lakini ngao huchelewa: kati ya ncha kupita na ngao kufika kuna sehemu ndogo ya sekunde ambapo chuma kikali kiko wazi ndani ya tumbo, na ikiwa utando umeng'ang'ania kwenye kingo za ngao, haifiki kabisa. Mwaka 1996 mamlaka ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa tiba, FDA, iliwataka watengenezaji waache kuziuza trokari za ngao kwa madai ya usalama yasiyo na ushahidi wa kitabibu. Ubaya mkubwa wa ngao, kwa maoni yangu, si ufundi wake bali imani inayompa mtumiaji, kwa maana mkono unaoamini kwamba kuna kitu kitaizuia ncha husukuma kwa nguvu zaidi.

Kinachomlinda mgonjwa kwa hakika zaidi ni nafasi iliyopo chini ya ncha. Mwongozo wa mwaka 2008 wa chama cha Uingereza cha madaktari wa uzazi na magonjwa ya wanawake, Royal College of Obstetricians and Gynaecologists, unataja kipimo kinachostahili kubandikwa ukutani: ukuta wa tumbo unapokandamizwa kitovuni kwa nguvu ya kilo 3, nafasi inayobaki chini yake ni sentimita 0.6 tu ikiwa gesi imejazwa hadi milimita 10 za zebaki, lakini ni sentimita 5.6 ikiwa imejazwa hadi milimita 25. Ndiyo sababu ya pendekezo la kupandisha shinikizo hadi milimita 20 au 25 kwa muda mfupi wakati trokari ya kwanza inaingizwa, kisha kulishusha hadi 12 au 15 kwa kazi iliyobaki, mtaalamu wa usingizi akiwa ameshaarifiwa. Kitufe cha mashine ya gesi, ambacho hakina tangazo lolote, humwongezea mgonjwa sentimita tano.

Umbo la ncha lina matokeo mengine mwishoni mwa kazi. Tundu lililo katikati ya tumbo lenye zaidi ya milimita 10, na la pembeni lenye zaidi ya milimita 7, linapaswa kushonwa hadi kwenye tabaka gumu, la sivyo utumbo unaweza kupenya na kufanya ngiri. Wapo wanaoacha kushona tundu la trokari isiyokata hata likiwa na milimita 10 au zaidi. Ni uamuzi wa daktari, lakini haupaswi kuwa sababu ya kununua.

Chuma cha kurudiwa au plastiki ya mara moja

Hapa ndipo uchaguzi unapogusa usafi, na ndipo makosa yanapojificha kwa muda mrefu zaidi. Katika mgawanyo wa Earle Spaulding, ambao bado unafuatwa, kifaa chochote kinachoingia katika sehemu ya mwili isiyo na vijidudu kinapaswa kutakaswa, yaani kuondolewa vijidudu vyote pamoja na spora, ambazo ni umbo sugu la baadhi ya bakteria. Trokari iko kwenye kundi hilo bila mjadala.

Trokari ya plastiki ya mara moja hufika ikiwa imetakaswa kiwandani, kwa mionzi ya gama au kwa gesi ya ethilini oksidi. Ncha yake ni kali kila mara, vali yake ni mpya, na hakuna anayehitaji kuiosha. Hukosea kwa njia moja kuu, nayo ni kutumiwa tena. Kifurushi chake kina alama ya tarakimu 2 ndani ya duara lililokatwa kwa mstari, maana yake isirudiwe. Anayeirudia hulazimika kutafuta njia isiyotumia joto kali, kwa kuwa nyingi kati yake hujikunja ndani ya otoklevu, yaani mashine ya kutakasa kwa mvuke, na mara nyingi huishia kuiloweka kwenye dawa.

Kulowekwa huko kunahitaji kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu hata vifaa vya chuma hufanyiwa hivyo pale ambapo orodha ya wagonjwa ni ndefu na seti ni moja. Glutaraldehaidi ya asilimia 2 kwa dakika 20 huua vijidudu vingi, lakini haiui spora zote. Ili itakase inahitaji takriban saa 10. Kisha kifaa husuuzwa, na ikiwa kimesuuzwa kwa maji ya bomba, kinarudishiwa vijidudu vya maji, wakiwemo jamaa wa bakteria wa kifua kikuu kama Mycobacterium chelonae na Mycobacterium fortuitum. Mgonjwa huenda nyumbani akiwa mzima. Wiki kadhaa baadaye, kovu likiwa limeshafunga, hujitokeza kijipu kisichouma sana, kinachotoa majimaji, kisichosikia dawa za kawaida za kuua bakteria, na kipimo cha kawaida cha kuotesha usaha hurudi bila kitu. Wakati huo hakuna anayekumbuka trokari. Sijui kosa la chumba cha upasuaji linalojificha vizuri kuliko hilo.

Trokari ya chuma hustahimili otoklevu mamia ya mara, na ndiyo inayofaa pale ambapo kuna watu na mashine za kuitunza. Kigezo changu cha kwanza wakati wa kuichagua ni idadi ya sehemu zinazofunguka bila kutumia zana, na kinatangulia umbo la ncha. Vali isiyofunguka ni mahali pa damu kukauka, na damu iliyokauka hukinga vijidudu dhidi ya mvuke. Ifunguliwe yote, isuguliwe kwa burashi ndefu inayopita ndani ya mrija hadi itokee upande wa pili, ioshwe kwa sabuni ya vimeng'enya, isuuzwe na kukaushwa, ndipo iende kwenye mvuke wa nyuzi 134 kwa angalau dakika 3, au nyuzi 121 kwa angalau dakika 15. Isilowekwe kwenye maji ya chumvi ya hospitali wala klorini, ambayo hutoboa chuma cha pua vijitundu visivyoonekana kwa macho. Mirija myembamba huhifadhi hewa ndani, na mvuke haufiki mahali penye hewa. Kwa hiyo otoklevu inayotoa hewa kwa pampu kabla ya kuingiza mvuke ina nafasi bora zaidi ya kuitakasa kuliko ile inayotegemea mvuke kuisukuma hewa ishuke yenyewe.

Kosa la pili la chuma ni ubutu. Ncha iliyochoka inahitaji nguvu zaidi, na nguvu zaidi ndiyo inayompeleka daktari mbali kuliko alivyokusudia mara ukuta unapoachia. Noa au badilisha kabla haijafika hapo. Mipira ya kuzibia nayo ihesabiwe kama dawa inavyohesabiwa, kwa sababu seti nzuri hukaa kabatini mwaka mzima kwa kukosa kipande cha mpira.

Kati ya hizo mbili kuna seti mseto, yenye kanula ya chuma na ncha au vali ya plastiki ya kutupwa, ambayo mara nyingi ni mapatano mazuri. Mseto mmoja tu ni wa kukataa: kanula ya chuma iliyofungwa kwa kishikio cha plastiki ukutani. Kifaa cha umeme wa kukatia kinapopita ndani ya kanula hiyo, chaji inayojikusanya kwenye chuma haiwezi kutawanyika kwenye ukuta wa tumbo kwa sababu plastiki imeizuia, na inaweza kuruka kwenda kwenye utumbo unaogusa kanula. Kanula iwe chuma tupu au plastiki tupu.

Kifuani, na mahali pa kutolea

Kifuani mambo ni mafupi zaidi. Mbavu zenyewe huushikilia ukuta, pafu husinyaa hewa inapoingia, na kwa kawaida gesi haihitajiki; kwa hiyo kanula haina haja ya vali. Kwa mrija wa kutolea maji au hewa, chaguo ni kati ya kufungua kwa koleo butu na kidole, na njia ya waya iliyobuniwa na Sven-Ivar Seldinger mwaka 1953, ambapo sindano hutangulia, waya hufuata, na mrija hupita juu ya waya. Ya kwanza inafaa damu na usaha mzito. Ya pili ni ya mirija midogo na haimwumizi sana mgonjwa, ingawa kipanuzi, yaani kifaa kigumu cha kutanua njia kinachopitishwa juu ya waya, kikisukumwa kupita kiasi hujeruhi pafu au moyo. Chaguo la tatu, mrija wenye ufito wa chuma uliochongoka ndani yake, bado linauzwa, na siwezi kulipendekeza kwa yeyote. Kwa njia yoyote ile, pita juu ya ukingo wa juu wa ubavu, kwa kuwa mishipa hukaa chini ya ukingo wa chini.

Kinga ya kidonda, yaani mkono wa plastiki wenye pete mbili unaotandaza kingo za mkato, hutumika pale ambapo kiungo chenye maambukizi kinatolewa kupitia tundu lililopanuliwa. Shirika la Afya Duniani mwaka 2016 lilipendekeza, kwa masharti, itumike katika upasuaji wa tumbo usio safi. Jaribio kubwa la Uingereza la mwaka 2013 lililotumia kinga ya pete moja halikuona faida, hivyo anayenunua achague ya pete mbili. Kwa kibole au kifuko cha nyongo kilichooza, mfuko wa kutolea unatosha.

Seti ya kwanza

Chumba cha upasuaji kinachoanza, chenye otoklevu nzuri na muuguzi mwenye muda wa kuosha, kinaweza kuanza na kanula za chuma zinazofunguka zote, moja ya Hasson na sindano mbili za Veress, na kumfundisha kila daktari mkato wa wazi kabla ya njia nyingine yoyote. Njia hiyo haihitaji kifaa chochote kisichokuwepo tayari, na ndiyo kimbilio sindano ikikataa. Chumba chenye wagonjwa wengi wanene kiongeze trokari chache za kioo. Pasipo na uhakika wa kuosha, plastiki ya mara moja ndiyo chaguo, mradi idadi iliyopo stoo ilingane na idadi ya wagonjwa waliopangwa, ili asitokee mtu wa kushawishika kuirudia.

Vyovyote itakavyochaguliwa, ncha ikigusa mshipa mkuu hakuna kifaa kati ya hivi kitakachosaidia, na muda uliopo ni wa dakika. Seti ya kufungua tumbo inapaswa kuwa imehesabiwa na iko ndani ya chumba, pamoja na koleo za kubania mishipa, kabla sindano haijagusa ngozi. Na kama damu imetoka kupitia trokari, kanula iachwe pale pale ilipo, imefungwa vali, kwa sababu huenda ndiyo inayoziba tundu, na kwa sababu itamwonyesha daktari njia ya kulifikia.